Koti la Mchicha

3 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nimeamua kuandika kwa sababu simu imenishinda. Nikikupigia unasema "mzima, mzima, nimeshakula," halafu unaniambia nisimalize salio langu bure, unakata. Barua huwezi kuikata. Itabidi uisome mpaka chini.

Juzi nilikusikia unatafuna. Nikauliza unakula nini, ukasema mkate. Wiki iliyotangulia pia ilikuwa mkate na chai. Tangu Mama atutoke umefunga duka, umebaki na ile cherehani moja kuukuu, na katika mazungumzo yetu yote sijakusikia ukimtaja hata mtu mmoja uliyepiga naye soga. Ghorofa ya nne, peke yako, na ngazi zile! Usiku nikifikiria naamka kutazama simu.

Chumba changu cha pili kiko tupu. Nimekipaka rangi ile ya maziwa unayoipenda, na kitanda nimeshanunua. Kuna kibaraza kidogo kinachotazama barabara; nikisimama katikati na kunyoosha mikono, vidole vinagusa kuta za pande zote mbili. Utakaa pale asubuhi na kahawa yako uwasengenye watu wanavyovaa vibaya. Njoo uishi na mimi, Baba. Sisemi uje kunitembelea, nasema uje kuishi.

Kazi iko palepale. Karakana yetu ndiyo pekee inayotengeneza meno ya bandia mji huu mzima. Madaktari wanatuletea vipimo vya vinywa, tunachonga, wanachukua. Wenye meno wenyewe siwaoni.

Nijibu kwa barua, siyo kwa "mzima, mzima".

Mwanao,
Kifungo

17 Februari

Kifungo wangu,

Marahaba. Nimesoma mpaka chini kama ulivyoamuru. Mdomo huo umeurithi kwa mama yako, Mungu amrehemu, na hicho kifungo ulichokimeza dukani ukiwa unatambaa nadhani bado kinakukereketa.

Sasa kuhusu mkate. Soko liko mbali na ngazi ni nyingi. Mchicha ninaoununua asubuhi ukifika ghorofa ya nne umelala kama mgonjwa, na mimi niko vilevile. Tunabaki kutazamana jikoni, hakuna wa kumpika mwenzake. Mkate haunyauki.

Lakini nina jambo la kukuhadithia. Unakumbuka lile koti jeusi, zito, la yule mteja aliyeshonesha kisha hakurudi kulichukua? Nilipofunga duka roho ilikataa kulitupa, nikalitundika kibarazani. Limekula vumbi na mvua huko msimu mzima. Juzi naenda kulishusha, naona kijani kinachungulia kwenye mfuko wa kushoto. Mchicha, Kifungo! Sijui ni upepo au ndege. Umeota ndani ya mfuko nilioushona kwa mkono wangu, umekaa kama kitambaa cha bwana harusi.

Nikauchuma, nikaukaanga na kitunguu. Ulijaa kijiko. Nilikula pale pale kwenye sufuria, na nakwambia kweli, sijasikia ladha ya kitu tangu msiba mpaka siku ile.

Basi nimelitoa turubai lililokuwa kivuli cha mlango wa duka. Nashona koti. Halina mikono wala kola, ni mifuko mitupu, safu chini ya safu, litaning'inia kutoka kwenye chuma cha kibaraza. Udongo naubeba kidogo kidogo kwa begi lako la shule, lile lenye picha ya twiga. Mishono napitisha mara mbili, imara, hata tone la maji halipenyi.

Kuhusu kuhama, tutazungumza. Safu ya kwanza nimeshaijaza na kuisia mbegu, na mbegu ikishaingia udongoni siwezi kuiacha.

Baba yako

2 Machi

Baba,

Nimecheka mpaka mbavu zimeuma. Nilitaka kumsomea mtu, nikatazama huku na huku karakanani, kila mmoja ameinamia nta anayochongea meno, nikaikunja barua nikairudisha mfukoni.

Nimefurahi unashona tena. Nimefurahi sana. Lakini usidhani sikuona ulivyonizunguka. Nimeuliza unakuja lini, umenijibu mchicha. Huku pia kuna udongo, Baba. Koti lako litakunjwa, litaingia kwenye begi, litakuja.

Jana kwenye foleni ya benki kuna mwanamume alicheka na mwenzake, nikayatambua meno. Nimechonga mimi, mwaka jana, yalinisumbua kweli upande wa kulia. Yalikuwa yamekaa vizuri. Nilitaka kumwambia. Ungeanzaje? "Samahani, hayo meno ni yangu"? Foleni ikasogea, nikasogea nayo.

Chumba kinakungoja.

Kifungo

21 Machi

Mwanangu,

Imeoza yote.

Miche iliota vizuri, ikafika urefu wa kidole, halafu ikaanza kuwa njano. Nikadhani ni kiu, nikaongeza maji. Ikalala. Leo nimetumbukiza mkono mfukoni, mizizi imekuwa uji na harufu yake ni ya mtaro. Maji yamejaa chini, hayana pa kutokea. Nimeshona vizuri mno. Hebu fikiria, maisha yangu yote nimesifiwa mshono, na mshono wenyewe ndio umeniulia mboga.

Ni mchicha tu, najua. Lakini nimekaa kibarazani tangu asubuhi nikiutazama, na chai imepoa, na sikuona sababu ya kuinuka.

Labda una haki. Labda nije tu.

Baba

29 Machi

Baba yangu,

Pole sana kwa mchicha. Nimeumia, kweli. Lakini ule mstari wa mwisho nimeusoma mara nyingi mpaka karatasi imelegea! Nimeshanunua mashuka. Nimenunua na kiti cha kibarazani, chenye mgongo ulionyooka kama unavyotaka.

Usihangaike na kitu huko. Mambo ya nyumba niachie mimi, nitayamaliza kwa simu. Wewe funga cherehani yako na picha ya Mama, mengine yote niachie.

Mwanao mwenye furaha,
Kifungo

6 Mei

Kifungo wangu,

Barua yako ya furaha iko hapa mezani tangu mwezi uliopita. Kila nikishika kalamu naishiwa maneno. Ngoja nikueleze, utaelewa kwa nini.

Siku ile baada ya kukuandikia niliamua kulikata turubai vipande nilitupe. Nikatafuta mkasi mkubwa, sikuuona, nikafungua kopo la mama yako. Lile la biskuti. Sikuwa nimelifungua tangu atutoke. Juu kabisa ilikuwa patasi yake ndogo, na chini yake uzi mzito aliokuwa akiupaka nta.

Unajua tulivyokuwa tunagawana kazi. Mimi nashona, yeye anatoboa matundu ya vifungo na kuyazungushia uzi. Miaka yote ile sikutoboa hata moja. Alisema nina mkono wa seremala. Nikakaa sakafuni na kopo mapajani, nikalia vizuri, maana hapakuwa na mtu wa kuniona. Nilipomaliza kulia nikalitazama lile turubai, nikaona kilichoniharibia. Nilikuwa nimeshona kila kitu isipokuwa sehemu yake.

Basi nikatoboa. Kila mfuko, chini, tundu la kifungo, nikalizungushia uzi kama alivyokuwa akifanya. La kwanza lilikuwa baya, angelifumua huku akinisema. Ya safu ya mwisho hata yeye angenyamaza. Nikajaza udongo upya, nikasia upya, nikamwagilia. Maji yakashuka mfuko hadi mfuko, safu hadi safu, yakatoka chini matone matone, na mimi nimesimama pale nacheka peke yangu kama mwehu.

Yalitoka chini na kudondokea mashuka meupe ya Bi Tarumbeta.

Huyu humjui, alihamia ghorofa ya tatu baada ya wewe kuondoka. Jina nimempa mimi, kwa sauti yake; akimwita muuza maziwa barabarani, mbwa wa mtaa wa pili wanaitika. Mpaka siku ile tulikuwa tunapeana "habari" tu kwenye ngazi. Alipanda na shuka mkononi, lina michirizi ya udongo.

"We mzee, tumekukosea nini mpaka unatukojolea?"

Nikamwambia ni maji ya mchicha.

"Mchicha gani, ghorofani?"

Nikamfungulia mlango wa kibaraza. Alisimama akaangalia, akagusa mfuko mmoja, akachungulia tundu chini yake. Kimya, jambo ambalo sidhani limewahi kumtokea. Kisha akasema, "Basi na mimi nishonee. Yakidondoka, yadondokee kitu cha maana."

Nikamshonea. Maji yangu yanamwagilia koti lake. Ya kwake yakaanza kumdondokea kinyozi wa ghorofa ya pili, naye akapanda amefura, na yeye nimemshonea. Sasa namwaga ndoo moja huku juu, maji niliyooshea mchele au vyombo visivyo na sabuni, na watu watatu wanakula. Wa chini kabisa nimemwekea kinga, kitambaa kinachorudisha maji kwenye beseni, maana chini yake hakuna kibaraza kingine, ni njia ya watu. Maganda ya majiko yote matatu yanaoza kwenye pipa langu, yanakuwa udongo. Zamani yalikuwa yanajaza inzi kwenye jalala la nyuma. Hata ukuta umepoa. Unakumbuka jiko letu saa nane mchana lilivyokuwa tanuri? Sasa naweza kulala pale kwenye mkeka.

Mimi nina mchicha na bamia. Bi Tarumbeta amepanda nyanya na hataki ushauri wa mtu. Kinyozi ana pilipili na giligilani. Jumapili tunaunganisha sufuria. Suruali zangu nimezilegeza kiunoni, Kifungo. Mkate nimeuonea huruma.

Sasa unaelewa kwa nini kalamu inakataa. Nipe muda kidogo tuzungumze.

Baba yako anayekupenda

11 Mei

Kwako mwanangu,

Jana walikuja kijana na mkewe. Walikuwa na futi ya kupimia. Wamesema mwenye nyumba amewaambia hapa patakuwa wazi mwisho wa Juni, na kwamba binti wa mzee ndiye aliyethibitisha.

Nikawapa chai. Kijana alipima dirisha akakosea, nikachukua futi nikampimia mimi. Mkewe aliuliza kama yale mambo ya kibarazani yatatolewa. Nilimwambia sijui.

Kama umeshakata shauri, niambie mwenyewe.

Baba yako

20 Mei

Baba,

Sijui nianzie wapi. Nisamehe.

Nilimpigia mwenye nyumba siku ileile niliyopata barua yako ya mchicha kuoza. Uliandika "labda nije", na mimi nikaona "nije" peke yake. Halafu ulipoandika kuhusu Bi Tarumbeta na kinyozi, nilijua nimekosea, na bado nikanyamaza. Nilijiambia utazoea. Leo asubuhi kabla ya kazi nimempigia tena na nimemwomba radhi. Nyumba ni yako. Wale vijana amewapatia ya mtaa wa pili. Hakuna atakayegusa koti lako.

Nilipofikiria kwamba uliwapimia dirisha, nilishindwa kufanya kazi. Nimevunja nta mbili.

Ngoja nikwambie ukweli, maana simuni siwezi. Hiyo barua yako ya Mei niliisoma nimesimama kwenye sinki, nikila wali wa jana kwenye chombo cha plastiki. Ninakula hivyo kila siku. Nimeishi jengo hili mwaka wa pili sasa na simjui mtu wa juu yangu wala wa chini. Mara ya mwisho mlango wangu kugongwa alikuwa fundi bomba, na alikosea nyumba. Watu wa mji huu nawajua kwa meno tu, Baba, na meno yenyewe hayajapata mdomo.

Nilikuwa nasema wewe ndiye mpweke kwa sababu ilikuwa rahisi kusema hivyo. Uliposema mnaunganisha sufuria Jumapili, nilikuonea wivu. Baba yangu mzazi! Nikataka nikunyang'anye huko nikulete huku, ili niwe na mtu.

Usije. Yaani, njoo, lakini siyo kwa sababu hiyo.

Mwanao asiye na akili,
Kifungo

15 Juni

Kifungo wangu,

Hasira iliniisha mstari wa pili. Iliyobaki yote nimeisoma kwa machozi, Bi Tarumbeta akadhani kuna msiba, akapanda mbio na kanga begani. Nimemweleza. Amesema nikuambie ule umekaa.

Mimi siondoki hapa, mwanangu, na sasa unajua sababu. Lakini kitanda usikiuze na kile kiti usimpe mtu. Nitakuja kulala wiki mbili tatu, nikishapata wa kumwagilia, halafu nitarudi kwangu. Na nitakuja tena. Baba huna haja ya kumnyang'anya mtu yeyote. Ni wako tangu ulipozaliwa.

Ndani ya kifurushi hiki kuna koti. Upana sikuuliza. Ulisema ukinyoosha mikono unagusa kuta mbili, na mikono yako naijua, nimekushonea tangu ukiwa na nepi. Litakaa barabara. Mfuko wa juu wa kulia nimeufunga kwa kifungo. Humo kuna mbegu, mchicha kwenye karatasi nyeupe, bamia kwenye karatasi ya gazeti. Kifungo chenyewe nimekitoa kwenye lile koti jeusi.

Tafuta udongo kwa wauza maua, changanya na maganda yako yaliyooza. Usijaze mpaka mdomoni. Litundike upande wa nje wa chuma, siyo ndani, lipate jua. Mwagilia asubuhi, na usifanye ubahili, mwaga mpaka yatokeze chini.

Matundu yote nimetoboa mwenyewe. Hesabu kasoro zake ukitaka, hutaziona.

Baba yako

27 Julai

Baba!

Limekaa barabara, kama ulivyosema. Hata kidole hakiingii kati yake na ukuta.

Mbegu ziliota siku ambayo nilishakata tamaa. Kila asubuhi kabla ya kazi naenda kibarazani na kikombe cha chai, natazama mfuko mmoja mmoja. Nimeanza kuchelewa kazini kwa sababu ya mchicha. Jumamosi iliyopita nilichuma wa kwanza, nikaukaanga na kitunguu kama wewe. Nilikuwa tayari nimesimama kwenye sinki, uma mkononi. Nikakumbuka ujumbe wa Bi Tarumbeta, nikaenda kukaa kwenye kiti chako.

Nikiwa hapo, mlango ukagongwa. Yaani siyo kugongwa, kupigwa. Nikafungua. Mama mmoja, kitambaa kichwani, shati jeupe la kazi amelishika kwa vidole viwili kama panya. Lina madoa ya udongo mgongoni.

"Dada, wewe ndiye unayeishi hapa juu? Hii ni nini? Mume wangu avae nini Jumatatu?"

Akaniwashia moto pale mlangoni, Baba, sijawahi kuona. Na mimi sikujitetea hata kidogo. Sikuweza. Nilikuwa namwangalia mdomo. Mawili ya juu, mbele, na moja la pembeni lililoinama kidogo kwa sababu daktari alisema mgonjwa ameomba lifanane na la zamani. Nililichonga lile jino siku nne. Limekaa, Baba! Limekaa kama alizaliwa nalo, na alikuwa ananigombeza nalo!

Machozi yakanitoka. Akalishusha shati. "Basi, basi, ni shati tu," akasema. "Litafulika."

Nikamwambia siyo shati. Nikamwambia, "Hilo jino la pembeni nimechonga mimi."

Akafunika mdomo kwa mkono. Kisha akaufunua, akacheka, na nikayaona yote. Aliingia ndani. Nilimpikia mchicha uliobaki, tukaula tumekaa, yeye kwenye kiti chako na mimi kwenye ndoo. Shati nimelifua mwenyewe. Ameniuliza lile koti nimenunua wapi. Jumapili ananikaribisha kwake.

Nikaja kulikagua koti kwa chini. Kwa barua yako, la kinyozi uliliwekea kinga na beseni ili maji yasidondokee watu. Hili langu halina kinga. Safu ya mwisho ina matundu, basi, na chini ni hewa. Na wewe ndiye uliyesema nilitundike nje ya chuma na nimwage mpaka yatokeze.

Ulisahau?

Kifungo

4 Agosti

Kifungo wangu,

Mimi ni fundi. Sisahau kitu kwenye koti.

Muulize huyo mama upana wa kibaraza chake, unitumie. Akipima, simama uangalie. Watu wengi hukosea.

Baba yako